Kadi ya grafiki ya bei nafuu: uliza kwanza kimekatwa nini

Kuna kadi mbili za grafiki zinazoitwa GT 1030, na mojawapo haifai kabisa kuingia kwenye kompyuta ya mtu anayecheza gemu. Ya kwanza kampuni ya Nvidia waliitoa mwaka 2017, ikiwa na memori ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 za data kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine: jina lile lile, gigabaiti 2 zile zile za memori, ila memori yenyewe sasa ni DDR4, jamii ya ile inayochomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Hiyo inapitisha gigabaiti 16.8. Theluthi moja na ushee tu. Zipo gemu ambazo kadi hii ya pili inaambulia takriban nusu ya fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) za mwenzake, na mnunuzi anayesoma maandishi makubwa ya kwenye boksi hana namna ya kujua. Tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, kama imeandikwa.

Nimeanza na kadi hiyo dhaifu kwa makusudi. Mtu akiniuliza ni kadi gani ya bei ya chini iliyo nzuri, mimi humrudishia swali lingine: kwenye hiyo uliyoiona, kimekatwa nini? Kwa sababu bei haishuki hivi hivi. Mahali fulani kuna kitu kimeondolewa, kimefinywa au kimezimwa. Wakati mwingine kilichoondolewa wala hukihitaji, na hapo umelamba dume. Wakati mwingine ndicho hasa ulichokuwa unakifuata, na hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kukata kwenyewe si uovu. Chipu haziivi sawa kiwandani. Chipu moja ina mamia au maelfu ya viini vya kukokotoa, na vichache vikitoka na kasoro, mtengenezaji anavizima na kuiuza chipu hiyo kwa daraja la chini. Mnunuzi anapata kitu kinachofanya kazi, kiwanda hakitupi mali, kila mtu ametosheka. Tatizo linaanza pale daraja linaposhuka lakini jina linabaki.

Chukua GTX 1060 ya mwaka 2016. Iliuzwa ya gigabaiti 6 na ya gigabaiti 3, na mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani tofauti ni memori tu. Kumbe ya gigabaiti 6 ina viini 1,280 na ya gigabaiti 3 ina 1,152. AMD, washindani wa Nvidia, nao hawajambo. RX 560 ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na viini 1,024, kisha zikaanza kuonekana madukani nyingine zenye 896 kwa jina hilo hilo, na kampuni ilikuja kulikubali jambo hilo hadharani Desemba ya mwaka huo, baada ya wanunuzi kulalamika. RX 580 halisi ina viini 2,304. Ipo nyingine imebandikwa mkia wa "2048SP", ambayo kwa hesabu ya viini ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Wauzaji wengi wa mtandaoni huo mkia huusahau, na sidhani wanausahau kwa bahati mbaya.

Mfano mwingine ni RTX 3050, ila hii naitetea kidogo. Iliyotoka Januari 2022 ina gigabaiti 8 za memori, viini 2,560, na inakula wati 130. Februari 2024 ikaja ya gigabaiti 6: viini 2,304, njia ya memori imebanwa kutoka biti 128 hadi 96. Ni kadi ndogo zaidi yenye jina kubwa, hilo halina ubishi. Lakini inakula wati 70, na kwa mtu mwenye kompyuta ya aina fulani wati hizo 70 zina thamani kuliko viini vyote vilivyokatwa. Nitalirudia hilo chini kidogo, maana ndilo linalowakwamisha watu wengi.

Kabla ya hapo, hesabu moja fupi inayofaa kukaa kichwani. Ukikuta kadi usiyoijua, tafuta upana wa njia ya memori kwa biti na kasi ya memori kwa gigabiti. Gawanya upana kwa 8, zidisha na kasi. GT 1030 ya GDDR5: biti 64 kwa 8 ni 8, mara kasi ya 6, unapata 48. Hiyo ndiyo idadi ya gigabaiti zinazopita kwa sekunde, na katika kadi za bei ya chini namba hiyo huniambia ukweli kuliko jina, kuliko idadi ya feni, kuliko zile taa za rangi. GTX 1650 ya mwanzo, ya 2019, inapitisha 128. Mwaka 2020 ikatoka GTX 1650 yenye GDDR6 inayopitisha 192. Angalau mara hiyo moja badiliko la kimyakimya lilimnufaisha mnunuzi.

Ukubwa wa memori nao usikudanganye wala usiudharau. Gigabaiti 4 kwenye kadi yenye chipu dhaifu ni pambo; chipu itaishiwa pumzi kabla memori haijajaa. Lakini kwenye chipu inayojiweza, gigabaiti 4 leo ni chache kwa gemu kubwa mpya, na dalili zake si kushuka kwa fremu polepole. Gemu inakwenda vizuri, halafu ukigeuka kona inakwama nusu sekunde, inaendelea, inakwama tena. Kuta zinabaki na picha zenye ukungu kama vile hazijamaliza kuchorwa. Hapo memori imejaa, na kadi inakwenda kuazima nafasi kwenye memori ya kompyuta kupitia sloti yake.

Safari hiyo ya kupitia sloti ndiyo iliyoiaibisha RX 6500 XT. AMD waliitoa Januari 2022, na kwa macho ya haraka ilikuwa jibu la kilio cha watu wasio na fedha: chipu mpya, kasi kubwa, gigabaiti 4. Ila sloti ya kadi ya grafiki huwa na njia 16 za kupitishia data, na kadi hii ilipewa 4 tu. Kwenye mazabodi mpya ambayo sloti yake, iitwayo PCIe, ni ya toleo la 4.0, njia 4 zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, si mbaya. Kwenye PCIe 3.0 zinabaki karibu 4. Sasa fikiria nani ananunua kadi ya daraja hilo. Ni mwenye kompyuta mpya kabisa? Mara nyingi ni mtu mwenye mashine ya miaka mitano, sita, saba, yenye PCIe 3.0, anayetaka kuirefushia maisha. Yule yule aliyekusudiwa kuinunua ndiye anayeumia, na anaumia zaidi memori ikishajaa, kwa sababu hapo kila kitu kinapita kwenye uchochoro.

Na haikuishia hapo. Chipu hiyo ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kompyuta mpakato, ambako prosesa ya pembeni yake ina kila kitu kinachohusu video. Kwa hiyo kwenye kadi waliondoa enkoda, yaani sehemu inayobana video unaporekodi skrini au kurusha matangazo ya moja kwa moja. RX 6400, mdogo wake, ina ukata huo huo. Mtu anayecheza tu hataona pengo. Anayetaka kurekodi gemu zake ataona prosesa inafanya kazi ya watu wawili, na atalaumu prosesa. GT 1030 nayo haina enkoda, kwa faida ya anayefikiria kuitumia kuhariri video.

Intel wamekata kwa mtindo wao. Arc A380 ya mwaka 2022 ina gigabaiti 6 za memori, na ina enkoda ya AV1, mtindo mpya wa kubana video, kitu ambacho kadi za bei kubwa kuliko hiyo hazikuwa nacho wakati huo. Kwa mhariri wa video asiye na fungu kubwa, naiheshimu. Lakini inadai kompyuta yenye kipengele kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo. Intel wenyewe wanashauri usiitumie bila hicho. Kwenye mashine ya zamani isiyo nacho, kadi inachechemea vibaya. Kwa hiyo wakati mwingine kilichokatwa hakimo ndani ya kadi; ni kitu ambacho kompyuta yako haijawahi kuwa nacho. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ukitafute kabla hujalipa, si baada.

Sasa turudi kwenye umeme. Sloti ya PCIe inatoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi lazima ichukue kwenye pawasaplai kwa waya wake: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika ofisini, zile OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo, hazina waya huo. Nyingine zina pawasaplai yenye umbo la pekee na plagi za pekee, hata ukitaka kuibadilisha unakuta hakuna ya kawaida inayoingia. Na zile nyembamba hazikubali kadi ya urefu wa kawaida, zinataka ya nusu kimo.

Kwa mtu wa aina hiyo, orodha ya kadi zinazowezekana ni fupi, na ufupi wake ni baraka. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 zinaishia wati 75, zote zikipatikana pia kwa nusu kimo, ingawa baadhi ya viwanda viliziongezea waya kwa hiari yao, kwa hiyo angalia picha ya ubavuni. RX 6400 inakula wati 53. RTX 3050 ya gigabaiti 6 ndiyo yenye nguvu kuliko hizo, na hapo ndipo utetezi wangu wa awali unaposimama. Kuna pia kadi za Quadro na ndugu zake, zilizotolewa kwenye mashine za wahandisi na wachoraji: P620, P1000, T600, T1000. Wachezaji wa gemu huzipita bila kuzitazama kwa sababu jina halisemi "GTX". T1000 ina viini 896, sawasawa na GTX 1650, kwa wati 50, na ni nusu kimo tangu kuzaliwa. Zina tundu za DisplayPort ndogo, basi ingiza gharama ya kiunganishi kwenye hesabu yako.

Kuna watu watakwambia usijali, kuna waya wa kubadilisha plagi ya SATA kuwa pini 6. Kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampea 1.5. Zidisha: ampea 4.5 mara 12, wati 54. Pini 6 ya kadi imeahidiwa 75. Huo upungufu unaulipa kwa plastiki iliyoyeyuka, na plastiki ikianza kuyeyuka haikusubiri uzime.

Mpwa wangu ana kompyuta ya ofisini ya namna hiyo, na alinitumia picha ya kadi aliyoipata mtandaoni. "Mjomba, 1050 Ti, gigabaiti 4, bei ya kutupa. Nichukue?"

Nikamwambia amwombe muuzaji picha ya upande wa tundu za skrini. Ikaja. Kulikuwa na tundu tatu: HDMI, DVI, na ile ya bluu yenye pini kumi na tano, VGA.

"Achana nayo, mpwa."

"Lakini ametuma hadi video, Mjomba. Kompyuta yenyewe imeandika GTX 1050 Ti."

Nakubali iliandika. Jina linaloonekana kwenye dirisha la vifaa linatokana na kile ambacho BIOS ya kadi, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, inajitangaza nacho, na BIOS inaandikwa upya na mtu yeyote mwenye programu na nia. Kuna kadi nyingi za zamani, GTS 450 na GTX 550 Ti za miaka ya 2010 na 2011, zilizobandikwa jina la 1050 Ti na kuuzwa kama mpya. Kinachozisaliti ni chuma. Kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti halisi imo, kiliachana na mawimbi ya analogi, kwa hiyo kadi halisi haina sababu ya kuwa na tundu la VGA. Anayekuuzia 1050 Ti yenye VGA anakuuzia kitu kingine, na mara nyingi picha moja ya nyuma inatosha kujua.

Ikiwa kadi tayari iko mkononi, washa GPU-Z. Ni programu ya bure, na tangu 2018 imekuwa ikizitambua kadi bandia za Nvidia na kuziandikia neno "FAKE" mbele ya jina, bila haya. Usitazame jina tu. Shuka chini: idadi ya viini, aina ya memori, upana wa njia. Linganisha na namba za kadi halisi. 1050 Ti ina viini 768 na njia ya biti 128. Programu ikionyesha viini 192, unajua umeshika nini.

Bandia zikiwekwa kando, inabaki mitumba halali, na huko ndiko bei nafuu ya kweli ilipo. Pia ndiko hofu ya kadi zilizochimba sarafu za kidijitali inakoishi. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliokuwa ukihitaji uchimbaji, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikakosa ajira kwa mpigo. RX 470, 480, 570, 580 na GTX 1060 ndizo zilizojaa zaidi kwenye masoko ya mitumba ya daraja hili, na bado zinazunguka.

Mimi siziogopi hivyo. Mchimbaji anayejua hesabu zake hupunguza umeme wa chipu ili asile faida, na joto la kadi yake halipandi na kushuka kila saa kama la mchezaji wa gemu. Kinachochoka ni feni, kwa sababu hazikupumzika, na zile pedi laini zinazopeleka joto la memori kwenye bamba la kupozea. Memori yenyewe nayo ilibanwa sana, maana uchimbaji wa Ethereum ulitegemea memori kuliko chipu. Basi hiyo ndiyo ya kupima. Jambo jingine, wachimbaji wengi walibadilisha BIOS ili memori iende kasi kuliko ilivyopangwa. Kadi ya namna hiyo inaweza kukuchorea mezani vizuri kabisa, halafu ikaanguka dakika ya kumi ya gemu. BIOS ya asili inarudishwa, si msiba, ila huo uwe ufunguo wa kushusha bei.

Ukiishika kadi iliyotumika, usikimbilie kuipuliza vumbi. Vumbi halina hatia. Igeuze utazame ile safu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti: isiwe na mikwaruzo mirefu wala doa jeusi la kuungua, na vile vijidude vidogo vilivyogandishwa juu yake, vidogo kuliko punje ya mchele, visiwe na nafasi iliyo wazi ambapo kimoja kimeng'oka. Sogeza feni kwa kidole. Izunguke kimya na isicheze kushoto na kulia kwenye mhimili wake. Tazama skrubu nne zinazozunguka chipu kwa nyuma: vichwa vikiwa vimelika, kadi imeshafunguliwa. Hilo si kosa, huenda mtu alibadilisha tu pesti ya joto, lakini muulize muuzaji na usikilize anavyojibu. Ukiona mafuta mafuta yamechuruzika pembezoni mwa memori, usishtuke. Ni silikoni ya zile pedi, na haipitishi umeme. Unachopaswa kukiogopa ni rangi ya ubao kubadilika kuwa kahawia kuzunguka chipu, au majimaji ya kulehemu yaliyokauka na kung'aa sehemu moja tu. Hiyo kadi imepashwa moto na fundi ili risasi za chini ya chipu zishike tena. Inaweza kuishi wiki, inaweza kuishi miezi. Haitaishi kwa bei uliyolipa.

Umri wa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, watu huwa hawaufikirii mpaka siku gemu inapogoma kufunguka. Nvidia waliacha kutoa draiva za kawaida kwa kizazi cha Kepler, zile GTX 600 na nyingi za 700, mwaka 2021. Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 10 zote nilizozitaja humu, zilipata draiva yao ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, na zitaendelea kupewa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. AMD walizifunga R9 za mfululizo wa 200 na 300 mwezi Juni 2021. Kadi haifi siku hiyo. Inaendelea na gemu zilizopo. Ila kama unanunua leo kwa ajili ya gemu zitakazotoka kesho, 1050 Ti imeshapoteza kipande cha thamani yake, na bei iakisi hivyo. Wa Linux wana ahueni ya peke yao: draiva huria za Radeon, kadi za AMD, zinaendelea kutunzwa na jumuiya muda mrefu baada ya kampuni kunawa mikono, na kwa sababu hiyo ningemshauri mtu wa Linux aitazame RX 570 kabla ya GTX 1060.

Halafu kuna swali ambalo wauzaji hawaulizi: je, unahitaji kadi? Prosesa kama Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani inayotosha gemu nyepesi, na Ryzen 7 8700G ya mwaka 2024 ina Radeon 780M inayotembea jirani na GTX 1650. Grafiki hizo hazina memori yao, zinaazima ya kompyuta. Kwa hiyo ukiwa na kijiti kimoja cha memori, unazinyima nusu ya barabara. Ongeza cha pili kinachofanana, uvipange kwenye sloti zinazotakiwa, na fremu zitapanda kwa gharama isiyofika ya kadi. Nimeona watu wakitafuta GT 1030 kwa bidii ilhali dawa ilikuwa kijiti cha memori. Na kama kadi ni ya kuwasha skrini ya pili tu ya kazi, chukua yoyote yenye draiva hai na tundu zinazolingana na skrini zako, usipoteze usiku kusoma vipimo.

Anayetaka kujifunza akili bandia nyumbani ana hesabu tofauti kidogo. Programu nyingi za fani hiyo zimeandikwa kwa kutegemea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kuitumia kadi kwa hesabu zisizo za grafiki, na zinataka memori kabla ya kasi. Kwake gigabaiti 6 za GTX 1060 zinazidi gigabaiti 4 za GTX 1650, hata kama 1650 ni changa zaidi. Umri wa draiva utambana baadaye, lakini modeli isiyoingia kwenye memori haiendeshwi hata leo.

Kitu kimoja kimezirefushia maisha kadi hizi duni: programu za kukuza picha. Gemu inachorwa kwa ukubwa mdogo, kisha inakuzwa ijae skrini. DLSS ya Nvidia inataka kadi ya RTX, na hapo RTX 3050 inajipatia pointi nyingine. FSR ya AMD, iliyoanza 2021, matoleo yake ya mwanzo yanafanya kazi hata kwenye GTX za zamani, kadi za mshindani, bila kinyongo. Kwenye skrini ndogo picha inafifia kidogo, sitakudanganya. Lakini kati ya fremu 28 zenye picha kali na 45 zenye picha iliyofifia, mimi nachagua 45.

Ukishainunua, siku za kurudisha zinahesabika, zitumie. Ondoa kwanza draiva ya kadi ya zamani kabisa kabisa, programu ya DDU inaifanya hiyo kazi, ili usije ukalaumu kadi mpya kwa mabaki ya ile nyingine. Hakikisha waya wa skrini umeingia kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Endesha FurMark, programu ya kuisukuma kadi hadi kikomo, dakika kama kumi na tano utazame joto linaposimama. Kadi ya daraja hili ikipita nyuzi 85 huku feni zikipiga kelele, pesti imekauka. FurMark inakaanga chipu lakini si mpimaji mzuri wa memori, kwa hiyo fuatisha na memtest_vulkan, ambayo inaandika na kusoma memori yote ikitafuta makosa. Kosa moja ni sababu tosha ya kurudisha. Kisha cheza gemu yako nzito kuliko zote, saa nzima bila kusimama, huku jicho likitafuta vijiraba vya rangi visivyo na maana na mistari inayomweka. Kadi ikiwa na kiswichi kidogo cha BIOS ubavuni, zima kompyuta, kisogeze upande wa pili, na urudie yote, kwa sababu wapo wauzaji wanaoacha ile iliyochezewa upande ambao hutaugusa hadi mwezi ujao.